Kutendwa na Kutendeka: Uhakiki wa Kibao cha Kumbukumbu cha Slocum katika Kaunti ya Anderson, Texas

1.0 Utangulizi

Msafiri apitaye kwa gari katika barabara za vijijini za Texas, nchini Marekani, hukutana mara kwa mara na vibao vya alumini vilivyosimamishwa juu ya nguzo kando ya njia. Juu ya kibao huwa kuna nembo ya jimbo. Chini yake hufuata kichwa cha habari na aya moja au mbili za maelezo. Vibao hivyo vinazidi 16,000 katika jimbo lenye kaunti 254. Vingi vinahusu makanisa ya kale, makaburi, shule, reli, ngome za walowezi na watu mashuhuri wa mahali. Kwa kawaida husomwa kama taarifa zisizo na mwandishi, na msomaji huzichukua kama anavyoichukua alama inayomwonyesha umbali wa mji unaofuata.

Uhakiki huu unavisoma kwa namna nyingine. Unavichukulia kuwa matini zenye msimulizi, wahusika, mpangilio wa matukio na uteuzi wa maneno, na kwa hiyo matini zinazoweza kupimwa kwa vigezo vilevile vinavyotumiwa kupima kazi nyingine za kubuniwa na zisizo za kubuniwa. Kibao kinachochunguzwa kwa kina ni kile cha mauaji ya Slocum, kilichozinduliwa tarehe 16 Januari 2016 katika Kaunti ya Anderson, mashariki mwa Texas. Hoja kuu ni kwamba kibao hicho kilivunja kimya cha zaidi ya miaka 105, na kwa hilo kinastahili heshima. Lakini kadiri maelezo yake yanavyosonga mbele, watenda wanaondoka katika sentensi, hata mwishoni matukio yanaonekana kana kwamba yalijitendekea yenyewe. Kiswahili, lugha inayotofautisha wazi kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, kinampa mhakiki kifaa kizuri cha kuliona jambo hilo.

2.0 Kibao cha Barabarani kama Utanzu

Vibao vya Texas vina historia yake. Mwaka 1936, jimbo liliposherehekea miaka 100 tangu lijitenge na Mexico, ziliwekwa kumbukumbu zipatazo 1,100, nyingi zikiwa mawe ya graniti yenye nyota na shada la shaba. Mwaka 1953 Bunge la Jimbo liliunda kamati ya kuchunguza na kuhifadhi historia, na mwaka 1962 ukaanza mpango rasmi wa vibao vya alumini vinavyoonekana hadi leo. Kamati hiyo ilipewa jina la Tume ya Historia ya Texas mwaka 1973. Ikumbukwe kwamba mpango wa 1962 ulianza wakati Marekani ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na hivyo vibao vingi vya miaka ile viliwatukuza watu na vikosi vya Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa.

Kibao hakianzii katika ofisi ya Tume. Huanza kwa ombi linalopitia kamati ya historia ya kaunti, ambayo wajumbe wake ni wakazi wa mahali walioteuliwa na baraza la utawala la kaunti hiyo. Mwombaji huandika maelezo marefu yenye ushahidi. Mada kwa jumla sharti iwe na umri wa angalau miaka 50, na mtu binafsi sharti awe amefariki kwa angalau miaka 10. Ombi likikubaliwa, watumishi wa Tume ndio wanaoandika maneno ya mwisho, na mfadhili wa mahali hulipia gharama za kukitengeneza. Baadaye uliongezwa mpango maalumu wa vibao vya habari zisizosimuliwa vya kutosha, unaogharimiwa na mfuko wa ada za maombi.

Utaratibu huu una athari za kifani na za kimaudhui. Kwanza, kibao hakina sahihi ya mwandishi. Msimulizi wake ni jimbo lenyewe, naye huzungumza kwa sauti ya mjuzi asiyekuwa na upande. Pili, ufinyu wa nafasi unalazimisha ufupi, na kila neno lililoingia limefukuza jingine. Tatu, matini imefungamana na mahali: inamwambia msomaji kwamba jambo fulani lilitokea pale aliposimama au karibu na hapo. Nne, aliye na mfadhili, nyaraka na jamaa katika kamati hupata kibao kwa urahisi kuliko aliyefukuzwa na kuacha nyaraka zake nyuma.

Jambo hili la nne linaafikiana na nadharia ya Michel-Rolph Trouillot, mwanahistoria wa Haiti, aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu unyamazishaji wa wakati uliopita. Kwa maoni yake, kimya huingia katika historia kupitia hatua nne: vyanzo vinapoundwa, vyanzo hivyo vinapokusanywa na kuhifadhiwa, masimulizi yanapotungwa, na masimulizi hayo yanapopewa umuhimu na jamii. Kibao cha barabarani kimo katika hatua ya nne, lakini kinabeba mapengo ya hatua zote tatu zilizokitangulia. Naye James Loewen, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu maeneo ya kihistoria ya Marekani, anasisitiza kwamba kila kumbukumbu ina nyakati mbili: wakati unaosimuliwa na wakati kumbukumbu iliposimamishwa. Mawazo haya mawili ndiyo yanayoongoza usomaji unaofuata.

3.0 Kaunti kama Matini Moja

Kaunti ya Anderson iliundwa mwaka 1846, na makao yake makuu ni mji wa Palestine. Jina lake linatokana na Kenneth L. Anderson, makamu wa rais wa mwisho wa Jamhuri ya Texas kabla ya nchi hiyo kuingizwa Marekani. Kumbukumbu zake za zamani zinasimulia habari inayofahamika katika kaunti nyingi za mashariki mwa Texas. Kuna Fort Houston, ngome ya magogo ya miaka ya 1830 iliyojengwa kuwalinda walowezi dhidi ya wenyeji asilia. Kuna kanisa la Pilgrim karibu na Elkhart, lililoanzishwa na Daniel Parker huko Illinois mwaka 1833 na kuhamishiwa Texas likiwa limekwisha kuundwa, kwa kuwa sheria ya Mexico haikuruhusu kanisa la Kiprotestanti kuanzishwa ndani ya nchi. Kuna reli iliyofika Palestine mwaka 1872 na kuugeuza mji huo kuwa kituo cha biashara.

Juu ya hayo yote kuna John H. Reagan, aliyekuwa Mkuu wa Posta wa Shirikisho la Kusini, kisha seneta wa Marekani, kisha mwenyekiti wa kwanza wa tume ya reli ya jimbo. Alifariki Palestine mwaka 1905. Mwaka 1911 ulisimamishwa mjini humo mnara wake, kazi ya mchongaji Pompeo Coppini, mzaliwa wa Italia. Reagan amesimama juu; chini yake ameketi mhusika wa kiistiari anayewakilisha ile iliyoitwa Harakati Iliyopotea, yaani vita vya Kusini vilivyotazamwa kwa huzuni na fahari na wale walioshindwa.

Kumbukumbu hizi zikisomwa pamoja zinakuwa matini moja yenye sura nyingi. Mhusika mkuu wake ni mlowezi Mzungu. Vitenzi vyake vikuu ni kufika, kujenga, kuanzisha na kutetea. Vitenzi hivyo viko katika kauli ya kutenda, na kila kimoja kina mtenda mwenye jina. Anderson, Parker na Reagan ni watu waliofanya mambo. Katika matini hii Mmarekani Mweusi, ambaye kazi yake ya kitumwa ililima mashamba ya pamba ya kaunti hiyo hadi mwaka 1865, ama hayupo ama yuko nyuma ya pazia.

Tarehe ya mnara wa Reagan inastahili kuzingatiwa. Mwaka 1911 ni mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya Slocum. Wakati mji mkuu wa kaunti ulipokuwa ukikamilisha mnara wa kiongozi aliyekufa miaka sita kabla, katika vijiji vya kusini-mashariki mwa kaunti hiyohiyo kulikuwa na familia zilizokwisha kutawanyika zikiacha maiti na mashamba. Mhakiki hana haja ya kudai kwamba waliousimamisha mnara walikusudia kuyafunika mauaji. Inatosha kuona kwamba jamii hiyo ilikuwa na mawe, fedha na mchongaji, na ilichagua cha kukumbuka.

4.0 Mauaji ya Slocum na Safari ya Kibao Chake

Asubuhi ya tarehe 29 Julai 1910, makundi ya Wazungu wenye silaha yalianza kuwapiga risasi Wamarekani Weusi karibu na Slocum na Denson Springs, mpakani mwa kaunti za Anderson na Houston. Mauaji yaliendelea siku iliyofuata. Uvumi ulienezwa kwamba Weusi walikuwa wakijiandaa kuwashambulia Wazungu, na baadhi ya magazeti ya mwanzo yaliyaita matukio hayo vita vya rangi. Sherifu wa kaunti, William H. Black, alipozungumza na wanahabari alikanusha picha hiyo: alieleza kwamba watu walikuwa wakiwaua Weusi popote walipowakuta, na kwamba hakuona kosa lolote walilolitenda waliouawa. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilikuwa vinane. Magazeti ya siku zile yalitaja idadi kubwa zaidi, na wazawa wa waliokimbia wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Watu kumi na mmoja walikamatwa na saba wakafunguliwa mashtaka. Kesi zilihamishiwa Kaunti ya Harris, na hakuna aliyehukumiwa.

Mwaka 2011 Bunge la Texas lilipitisha azimio la kuyatambua mauaji hayo. Mwaka 2014 mwandishi E. R. Bills alichapisha kitabu kuyahusu, na kwa ushirikiano na mzawa wa ukoo wa Holley, uliopoteza watu na mali katika siku hizo, akawasilisha ombi la kibao. Uongozi wa kamati ya historia ya kaunti ulilipinga, ukihofia kwamba kizazi cha leo cha Slocum kingepakwa doa la ubaguzi kwa makosa yasiyo yake. Hata hivyo, Tume ya jimbo ililikubali mwaka 2015, chini ya mpango wa habari zisizosimuliwa, na mwaka uliofuata kibao kikasimamishwa kando ya barabara ya mashambani karibu na Slocum.

Safari hii yenyewe ni sehemu ya maana ya kibao. Matini nyingine za kaunti hiyo ziliandikwa kwa ridhaa ya wenye kaunti. Hii iliandikwa licha ya upinzani wao. Kwa hiyo inabeba mzigo wa kusema na wakati huohuo mzigo wa kutoudhi, na mizigo hiyo miwili inaonekana katika sentensi zake.

5.0 Usomaji wa Matini ya Kibao

Kibao kinaanza kwa mbali. Sentensi ya kwanza inataja mivutano ya kirangi katika Marekani yote mwanzoni mwa karne ya 20, na kusema kwamba mara nyingine mivutano hiyo ililipuka na kuwa ghasia dhidi ya Wamarekani Weusi. Ndipo Slocum inapoingia, ikiwa mfano mmoja wa hali hiyo. Mwanzo huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba unamzuia msomaji asidhani kuwa Slocum ilikuwa ajali ya pekee. Hasara ni kwamba mtenda wa kwanza katika kisa hiki ni mivutano, wala si mtu. Katika vibao vingine vya kaunti hakuna ngome iliyojengwa na mivutano wala kanisa lililoanzishwa na hali ya taifa.

Sehemu inayofuata ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inasema wazi kwamba makundi ya Wazungu wenye silaha yaliwapiga risasi na kuwaua Wamarekani Weusi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutenda. Mtenda yupo, mtendwa yupo, silaha ipo. Kwa kibao kilichobeba nembo ya jimbo, kauli hiyo si jambo dogo. Karne nzima ya maneno kama ghasia na vita vya rangi, maneno yanayogawa lawama kwa pande mbili, inafutwa na sentensi moja.

Baada ya hapo sarufi inabadilika. Mauaji sasa yanakuwa nomino na kuendelea yenyewe siku hiyo na ya pili, katikati ya taharuki kuhusu uasi wa Weusi. Taharuki inatajwa kama mvua iliyonyesha: hakuna aliyeuzua uvumi wala aliyeueneza. Kisha anaingia mtu wa kwanza mwenye jina, Jaji Benjamin H. Gardner, aliyevifunga vilabu vya pombe na kuwaamuru wauzaji wa bunduki na risasi wasitishe biashara. Jaji ana jina na vitenzi vya kutenda. Katika matini nzima yeye ndiye mtu pekee mwenye sifa zote mbili.

Hapo ndipo yanapotajwa majina manane: Cleveland Larkin, Alex Holley, Sam Baker, Dick Wilson, Jeff Wilson, Ben Dancer, John Hays na Will Burley. Katika ufinyu wa kibao, majina manane ni nafasi kubwa, na uamuzi wa kuyaweka yote ndio ushindi mkuu wa matini hii. Yanawaondoa waliouawa katika idadi na kuwarudisha katika ukoo. Msomaji anayeona Wilson mara mbili huanza kujiuliza kama walikuwa ndugu. Aidha, kibao kinakuwa mwangalifu kueleza kwamba vifo hivi ndivyo vilivyoandikwa rasmi, na hivyo kinaacha mlango wazi kwa wasioandikwa. Hata hivyo mlango huo ni mwembamba. Msomaji asiyejua habari hizi atatoka na hesabu ya watu wanane, kwa kuwa kibao hakimwambii kuna hesabu nyingine yoyote.

Sentensi zinazomalizia zinaeleza kwamba familia nyingi zilikimbia na hazikurudi; kwamba watu saba walishtakiwa; kwamba kesi zilihamishwa na hazikuendeshwa; kwamba matukio hayo yalitoweka kwa kiasi kikubwa machoni pa umma; na kwamba athari zake bado zinaonekana katika mgawanyo wa wakazi wa eneo. Kibao kinafunga kwa maneno ya azimio la 2011, yenye matumaini ya uponyaji na upatanisho.

6.0 Kutendwa na Kutendeka

Mtu anayetaka kuyaeleza maneno haya ya mwisho kwa Kiswahili hulazimika kufanya uchaguzi ambao Kiingereza humruhusu kuukwepa. Mtoto anayesema kikombe kimevunjika na mtoto anayesema kikombe kimevunjwa hawasemi jambo moja. Wa kwanza anaeleza hali ya kikombe. Wa pili anakiri kwamba kuna mkono. Wazazi wote wanajua kwa nini mtoto aliyekivunja hupenda neno la kwanza.

Vivyo hivyo, mauaji ya Slocum yanaweza kuelezwa kuwa yalisahaulika au yalisahauliwa. Kibao kinasema yalitoweka, na kitenzi hicho kinaangukia upande wa kusahaulika. Lakini matukio ya kijamii hayatoweki kama umande. Yalitoweka kwa sababu waendesha mashtaka hawakuzipeleka kesi mbele. Kwa sababu vizazi vya waandishi wa historia ya mahali havikuyaandika. Na kwa sababu waliobaki na kumbukumbu walikuwa wamekwisha kukimbilia kwingine. Isitoshe, hayakutoweka kwa kila mtu. Katika familia za waliokimbia yalisimuliwa kwa zaidi ya karne, na masimulizi hayo ndiyo yaliyozaa ombi la kibao. Umma uliotajwa ni ule uliobaki Slocum na katika taasisi za jimbo. Kwa kusema yalitoweka machoni pa umma, matini inawaweka wazawa wa waliouawa nje ya umma huo.

Hali ni hiyohiyo kuhusu kukimbia. Familia zilikimbia na hazikurudi: kitenzi ni cha kutenda na mtenda ni mkimbizi mwenyewe. Kisarufi yeye ndiye aliyeondoka. Neno jingine, kufukuzwa, lingeuliza aliyefukuza. Na swali la aliyefukuza lingeleta swali la pili, nalo ndilo zito zaidi: mashamba yalibaki na nani? Baadhi ya waliokimbia walikuwa na ardhi, nyumba na biashara. Ukoo wa Holley ulikuwa na duka na shamba. Kibao hakitaji ardhi hata mara moja. Kinakiri kwamba mgawanyo wa wakazi umebaki na alama ya mauaji hadi leo, lakini hakitaji umiliki. Katika kaunti ya wakulima, kueleza nani anaishi wapi bila kueleza nani ana ardhi ni kusimulia nusu ya kisa.

Ni kweli kwamba lipo jibu la kuitetea Tume. Walioshtakiwa hawakuhukumiwa, na si haki kwa jimbo kumwita mtu muuaji juu ya alumini wakati mahakama haikumwita hivyo. Hoja hii ina uzito, lakini haigusi kila pengo. Kutotaja majina ya washtakiwa ni uangalifu. Kutoeleza kwamba kesi ziliachwa na watu wenye mamlaka ya kuziendesha ni jambo jingine. Tena, kukosekana kwa hukumu ni sehemu ya uovu unaosimuliwa. Matini inayolitumia kosa la mahakama kuwa sababu ya kunyamaza inalirefusha kosa hilo.

7.0 Ulinganisho na Kibao cha Porvenir

Huenda ikadaiwa kwamba kasoro hizi ni za utanzu wenyewe, na kwamba kibao chochote cha barabarani kingefanya vivyo hivyo. Ili kulipima dai hilo, yafaa kukitazama kibao kingine cha jimbo hilohilo kinachohusu mauaji yaliyokaribiana nayo kwa wakati. Katika Kaunti ya Presidio, magharibi ya mbali kwenye mpaka wa Mexico, wanaume na wavulana 15 wenye asili ya Mexico waliuawa katika kijiji cha Porvenir tarehe 28 Januari 1918. Kibao chake kilizinduliwa mwishoni mwa 2018, nacho pia kilikumbana na upinzani wa mahali na kucheleweshwa. Kimewekwa kando ya barabara kuu magharibi mwa mji wa Marfa, mbali na kijiji chenyewe ambacho sasa ni mahame.

Tofauti ya kisarufi ni kubwa. Kibao cha Porvenir kinawataja waliofika usiku ule: askari wa Texas Rangers wa kikosi kilichotambulishwa kwa herufi yake, wanajeshi wa farasi wa Marekani na wafugaji wa eneo hilo. Kinabainisha pia nani aliyekuwapo risasi zilipofyatuliwa na nani hakuwapo. Ufupi ni uleule, na mwandishi ni Tume ileile. Kwa hiyo utanzu hauzuii kumtaja mtenda. Kinachozuia ni uamuzi.

Swali linabaki kwa nini uamuzi ulikuwa rahisi zaidi Porvenir. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba kule mtenda mkuu alikuwa kikosi cha serikali, ambacho gavana wa wakati ule alikivunja na kuwafukuza baadhi ya askari wake. Kikosi kilichovunjwa hakina wajukuu wanaohudhuria mikutano ya kamati ya kaunti. Slocum mtenda alikuwa jirani. Majina ya ukoo ya majirani hao yanaweza kuwa bado yamo katika visanduku vya barua kando ya barabara ileile yenye kibao. Ni rahisi kwa jimbo kuitaja dhambi ya jimbo kuliko kijiji kuitaja dhambi ya kijiji.

8.0 Yaliyopita na Ndwele Yake

Pingamizi la uongozi wa kamati ya kaunti halipaswi kudharauliwa. Watoto wa Slocum wa leo hawakumwua mtu. Hofu kwamba jina la kijiji chao litatamkwa daima pamoja na neno mauaji ni hofu ya kibinadamu, na kibao chenyewe, kwa kuliweka jina hilo katika kichwa chake, kinaithibitisha. Waswahili wana methali inayoweza kusemwa hapa kwa niaba ya kamati: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Lakini methali hiyo ina sharti ndani yake. Inawafaa watu ambao ugonjwa wao umekwisha kweli. Mahali ambapo walioondoka hawajarudi, ardhi haijatajwa na maziko ya wengi hayana alama, yaliyopita bado ni ndwele, na kuyaganga yajayo bila kuyagusa hayo ni kumfunga mgonjwa bandeji juu ya mwiba. Isitoshe, kaunti hiyo haikuitumia methali hii kwa usawa. Reagan na Fort Houston ni mambo yaliyopita, nayo hayakuachwa. Mtu anayerithi fahari ya Parker na Reagan kwa kuwa ni historia ya kwao hawezi kuikataa Slocum kwa kuwa yeye hakuwapo. Reagan naye hakuwapo kumwona.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umekisoma kibao cha Slocum ndani ya matini pana ya kumbukumbu za Kaunti ya Anderson. Umeonyesha kwamba kinafaulu pale kinapowataja waliouawa kwa majina na pale kinaposema bila kificho kwamba Wazungu wenye silaha waliua. Umeonyesha vilevile kwamba kinadhoofika kinapoingia katika matokeo: taharuki isiyo na mzushi, kukimbia kusiko na mfukuzaji, kesi zisizo na aliyeziacha, kusahaulika kusiko na waliosahau, na ardhi isiyotajwa kabisa. Ulinganisho na Porvenir umethibitisha kwamba mapengo hayo hayatokani na ufinyu wa alumini pekee.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kibao kingeachwa. Wazawa waliokiomba walijua vizuri kuliko mhakiki yeyote kile kilichokosekana, na bado walikihesabu kuwa hatua. Kinachofuata ni kwamba kibao kimoja hakitoshi kubeba kisa hiki. Sheria ya mpango wa vibao inaruhusu mada nyingine kuombewa: shamba na duka la familia iliyofukuzwa, mahali walipozikwa waliouawa patakapothibitishwa, makanisa na shule za Weusi zilizobaki bila watu. Kila kimoja cha vibao hivyo kingelazimika kujibu swali ambalo cha kwanza kimelikwepa. Hadi hapo, msomaji anayesimamisha gari karibu na Slocum atakuta majina manane ya waliouawa na jina la jaji mmoja, na atapaswa kuuliza mwenyewe mashamba yaliyo mbele yake yalikuwa ya nani mwezi Julai 1910.